Mjusi wa Tendaguru si mjusi

Mtajie mtu wa Lindi kilima cha Tendaguru, atakujibu palepale: "Aah, yule mjusi aliyepelekwa Ujerumani!" Jina limezoeleka, nami nimelisikia tangu utotoni, lakini linapotosha.

Mwangalie mjusi ukutani jioni akivizia wadudu wa taa. Miguu ameitanua pembeni, tumbo karibu liguse ukuta. Mnyama wa Tendaguru hakusimama hivyo. Miguu yake ilishuka wima chini ya kiwiliwili kama nguzo, mithili ya tembo. Alikuwa dinosaria, na ndugu zake wa karibu walio hai leo ni ndege na mamba. Kuku anayeparua uani kwako ana undugu naye zaidi kuliko huyo mjusi.

Wala hakuwa mmoja. Kati ya 1909 na 1913 ilichimbwa mifupa ya aina nyingi, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni. Hata yule mrefu aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo mita 13 na ushei, ameungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba uchimbaji ule ulikuwa kazi ya Wajerumani peke yao. Waliochimba ni mamia ya vibarua wa kwetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kufukua na kuandaa mifupa. Mizigo ilifungwa kwa mianzi, ikabebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa njiani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipita kwenye vichwa na mabega ya watu hao. Watoto wetu wanaijua Berlin. Jina la Boheti hawajalisikia.

Wengine hudhani wanyama hao waliishi na mababu zetu. Hapana. Ni miaka milioni 150 hivi iliyopita, binadamu hayupo kabisa. Na Tendaguru, ambayo leo ni pori la bara, wakati huo ilikuwa pwani. Ndiyo maana tabaka za mifupa zimepishana na tabaka zenye makombe ya baharini.

"Walichukua vyote," husemwa. Vilivyochukuliwa ni vingi mno, kweli, lakini si vyote: Waingereza walichimba tena kuanzia 1924, na msafara wa Wajerumani na Watanzania wa mwaka 2000 bado ulikuta visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Ukiwa upande huo jembe likagonga jiwe lenye umbo la mfupa, usilipasue. Liache lilipo, kisha utoe taarifa serikali ya kijiji.