Mkutano ukinyamaza, usipitishe

Kazi yangu ni kufundisha ofisi zenye watu wa tamaduni mbalimbali, na wateja wangu hapa Nairobi huniomba orodha. Mjerumani anapenda nini, Msomali asiulizwe nini, Mkikuyu na Mluo waketije meza moja. Siitoi.

Takwimu zenyewe zinazotegemewa na orodha hizo zina kasoro. Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi, alichambua majibu ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama kwa jinsi watu wanavyoukubali ukubwa wa bosi: wakiukubali zaidi, alama inapanda. Uholanzi ilipata 38. Kenya haikupata alama yake pekee: iliwekwa fungu moja na Tanzania, Ethiopia na Zambia, zote nne zikapewa 64. Aliyefanya kazi Dar es Salaam na Nairobi atacheka; Dar bado mnajuliana hali, hapa Nairobi mtu keshafungua kompyuta.

Ila pengo lenyewe kati ya Mholanzi na Mkenya lipo, nami hukutana nalo sana. Meneja kutoka Amsterdam anauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Kimya. Anapitisha. Saa ya chai pingamizi zote zinamwagika koridoni, tena kwa Sheng, hata Mganda wa idara ya hesabu anaachwa nje. Baadaye meneja akisikia anaona unafiki. Wafanyakazi wanaona wametunza heshima, kwani mkubwa hakosolewi mbele za watu.

Hapo mimi hubadilisha swali. Uliza, "Ni kitu gani kinaweza kuchelewesha kazi hii?" Anayejibu anaeleza habari ya mzigo uliokwama Mombasa, hampingi mtu. Ajenda itumwe siku moja kabla. Wa cheo cha chini aanze kusema, bosi awe wa mwisho. Wa mwisho kabisa, bila kutikisa kichwa wengine wakiongea. Naye Mkenya akiambiwa na Mholanzi "ripoti hii haifai", aulize ni ukurasa gani, asinune wiki nzima.

Siku za utamaduni ofisini, za shuka na vitenge, sizipingi. Chakula huwa kizuri.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Inahesabu walioajiriwa, haihesabu wanaosikilizwa. Kwa hiyo nikiitwa ofisini huomba kwanza kumbukumbu za mikutano, nikatazama nani alichangia. Wakiwa wale wale watatu kila wiki, mafunzo naanza na mwenyekiti.