Toa huo mto chini ya goti

Mtu akikatwa mguu, ndugu zake huniuliza kwanza: protezi, yaani mguu wa bandia, itatoka lini? Mimi macho yangu yako kitandani. Karibu kila mara nakuta mto, au kitenge kilichokunjwa, chini ya goti la mguu uliokatwa. Wamekiweka kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo itakayomchelewesha kutembea.

Goti likikaa limepinda kwa majuma, misuli ya nyuma ya paja hufupika, goti likagoma kunyooka. Aliyekatwa juu ya goti hugomewa na nyonga, hasa akishinda ameketi. Fundi wa protezi, awe hodari namna gani, hawezi kukurudishia goti. Basi, Mama, toa huo mto. Kidonda kikiruhusu, mgonjwa alale kifudifudi dakika 20, mara 2 au 3 kwa siku. Wanaume hulalamikia zoezi hili kuliko yote.

Kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, nacho huvimba. Bendeji ya kuvutika ifungwe kwa mshazari, kama namba 8, ikaze nchani na kulegea kuelekea juu. Ukiizungusha duara tupu umefunga kamba. Na mguu usiokuwepo ukiwasha usiku, usikimbilie kusema ni uchawi: ubongo bado unao mguu huo kwenye hesabu zake.

Siku ya protezi, wengi huogopa kukanyaga, wakidhani uzito utaangukia nchani. Kwa aliyekatwa chini ya goti, sehemu kubwa hubebwa na ile kano ngumu chini ya kifuniko cha goti. Uwekundu hapo si ajabu. Usipofifia dakika 10 baada ya kuvua, rudi kwetu. Miezi inavyopita kigutu hupungua, mguu unaanza kucheza ndani. Ongeza soksi kwenye kigutu. Soksi zikizidi, kikombe cha protezi, pale kigutu kinapoingia, kitengenezwe upya.

Mazoezi tunayaanza ndani, kati ya vyuma viwili vya kushikilia, lakini Goma yetu imejaa mawe ya lava, na nyayo za bandia tunazozitumia sana hazina kifundo. Zina kisigino laini tu. Jiwe likiinamia upande, wayo hauinami nalo. Kwa hiyo namtoa mtu nje mapema, hatua fupi, macho mbele.

Tena njoo na kiatu chako cha kila siku. Mama mmoja alirudi analia kwamba mguu umeharibika. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, vya kisigino kirefu, na mguu tuliupima kwa sandali.