Nelson hakuvumbua mbinu ya kuvunja safu

Wengi husimulia kwamba Admirali Horatio Nelson wa Uingereza alishinda vita vya majini vya Trafalgar, karibu na pwani ya Hispania, tarehe 21 Oktoba 1805, kwa mbinu ambayo hakuna aliyewahi kuiwaza: kuipasua safu ya merikebu za adui badala ya kwenda nayo sambamba. Si kweli. Admirali Rodney wa Uingereza aliipenya safu ya Wafaransa katika bahari ya Karibi mwaka 1782, na Admirali Duncan, wa Uingereza pia, akawavamia Waholanzi kwa makundi mawili mwaka 1797. Hata Villeneuve, admirali wa Ufaransa aliyeongoza merikebu 33 za Wafaransa na Wahispania dhidi ya 27 za Nelson, alikwisha kuwaonya maofisa wake kwamba watashambuliwa hivyo.

Upya wa Nelson, kwa maoni yangu, ulikuwa mezani. Wiki tatu hivi kabla ya vita aliwaalika manahodha wake chakulani ndani ya merikebu yake, Victory, akawaeleza mpango, kisha akauandika tarehe 9 Oktoba, akiongeza kwamba iwapo bendera za ishara hazitaonekana, nahodha atakayeiweka merikebu yake ubavuni mwa ile ya adui hatakuwa amekosea sana. Maneno hayo yalihitajika: upepo ulikuwa hafifu, Victory ikasogea polepole huku ikipigwa mizinga bila kuweza kujibu, usukani wake ukavunjwa, na mabaharia wakalazimika kuiongoza kutoka sitaha ya chini. Nelson alipigwa risasi yapata saa saba na robo mchana, lakini mapigano yaliendelea bila kungoja amri yake, na hadi jioni adui alikuwa amepoteza merikebu 18, ilhali Waingereza hawakupoteza hata moja.