Saiti imefungwa ofisini, sasa nani kaifunga?

Mimi ni mtu wa network ofisini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "kaka, mbona mmenifungia hii saiti?" Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna mtu yeyote hapa aliyekaa akaichagua hiyo saiti aifunge. Sisi tunaweka tiki kwenye makundi tu, kamari, ngono, virusi, zisizojulikana, halafu kuamua saiti ipi iko kundi gani ni kazi ya kampuni inayotengeneza fayawoli (kile kifaa kinachochuja mtandao wa ofisi), kama Fortinet au Cisco, na orodha zao ni kubwa mno kiasi kwamba sehemu kubwa inapangwa na mashine.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu ana duka lake Kariakoo, kafungua saiti juzi, domeni, yaani jina la saiti yake, ni mpya na haijapangwa popote, basi inaangukia "mpya" au "haijulikani", na ofisi nyingi zinafunga makundi hayo kwa sababu wezi wa paswedi nao wanapenda domeni za juzi juzi. Sababu ya msingi kabisa, ila anayekosa oda ni mfanyabiashara halali. Kinachoniuma zaidi ni saiti za afya, maelezo ya kansa ya matiti unakuta yametupwa kapu moja na ngono. Ni tatizo la zamani hili, mwaka 1996 AOL ilikataa kusajili watu wa mji wa Scunthorpe kule Uingereza kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna herufi zinazofanya tusi!

Kufunga kwenyewe kunafanyikaje? Njia rahisi ni DNS, kompyuta inauliza saiti fulani iko wapi, inanyimwa jibu au inapewa jibu la uongo. Njia ya pili wengi hawaijui. Hata kwenye HTTPS, ile njia inayoficha mawasiliano yako na saiti, brauza inapoanza kuongea na seva kwa kawaida inataja jina la saiti waziwazi ili seva ijue itoe cheti kipi (kitambulisho cha saiti), fayawoli inalisoma hilo jina inakata hapo hapo. Haioni ukurasa unaosoma wala paswedi yako. Lakini kama IT wameweka cheti cha kampuni ndani ya laptopu, hapo fayawoli inaweza kufungua mawasiliano yenyewe, ikakagua, ikayafunga tena. Bonyeza alama iliyo pembeni ya anwani uone cheti kimetolewa na nani, ukikuta jina la kampuni yako au la fayawoli basi jua unakaguliwa, na una haki ya kuuliza.

Ndio maana pia saa nyingine unaona ukurasa wenye nembo ya ofisi unaosema imefungwa, saa nyingine unapata onyo tu la brauza kwamba si salama. Fayawoli inajaribu kujibu kwa niaba ya saiti bila kuwa na cheti cha saiti hiyo, brauza inagoma. Usilazimishe kuendelea, maana hata tapeli wa kweli akiingia katikati utaona onyo hilo hilo.

Na tafadhali sana achaneni na VPN za bure (zile programu za kukwepa kufungiwa kwa kupitishia mtandao wako kwenye seva ya mtu mwingine) kwenye mashine za kazi, emaili za wateja, mafaili, kila kitu kinapitia kwa mtu usiyemjua. Wenzangu wa IT nao tuambizane ukweli, tukifunga ovyo halafu ombi la mtu likakaa wiki nzima bila kujibiwa, sisi ndio tunaowasukuma huko.

Ukifungiwa tuma anwani nzima, jina la kundi lililoandikwa kwenye ule ukurasa, saa, na unaihitaji kwa kazi gani. Kwa hayo mimi naifungua kwa dakika chache. Ila nikiifungua mimi inafunguka ofisini kwetu tu, kwa hiyo wewe mwenye saiti nenda kwenye saiti ya FortiGuard ya Fortinet au Talos ya Cisco, unaingiza anwani yako, unaona umewekwa kundi gani, na kama wamekosea unaomba wakubadilishie.