Kuvuta msimbo mpya si kusasisha mfumo

Wengi wanaotumia FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, wakishaandika git pull (amri ya kuvuta msimbo mpya) ndani ya /usr/src, folda ya msimbo wa mfumo, huona kazi imekwisha. Bado. Kilichobadilika ni maandishi yaliyolala kwenye diski. Kernel, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine, ni ileile ya jana, pamoja na matundu yake ya usalama. Andika uname -r, amri inayoonyesha toleo la kernel inayofanya kazi, kabla na baada ya kuvuta, utaona jibu halijasogea hata kidogo.

Ili msimbo uwe mfumo, lazima ujengwe: make buildworld (sehemu za mfumo nje ya kernel), kisha make buildkernel (kernel yenyewe), na hiyo kwenye mashine dhaifu hula saa nyingi. Halafu kusakinisha kilichojengwa: make installkernel, kuwasha upya, make installworld, na etcupdate ya kupatanisha mafaili ya mipangilio ya /etc.

Kuna wanaoiachia cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, ivute kila usiku. Mimi siipendi: ikivuta katikati ya ujenzi, nusu ya mfumo inatoka kwenye msimbo wa zamani na nusu kwenye mpya.

Na chunga tawi la msimbo unalofuata. Jina main lisikudanganye, hapo ndipo majaribio yanapofanyika. Anayetaka marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa tu afuate tawi la releng la toleo lake, yaani releng/ ikifuatwa na namba ya toleo.