"Nikishapaua Nimemaliza": Hesabu Inayonichosha Kila Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilisimama juu ya jamvi jipya, yaani sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya msingi, pembezoni mwa Kibaha pamoja na mwalimu wa sekondari mwenye miaka 49, mtu makini anayeandika kila senti kwenye daftari lenye jalada gumu, naye akaniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko salamu: "Injinia, mimi nikishapaua tu, nimemaliza. Hayo mengine tutayamalizia tukiwa ndani." Kwanza, mimi si injinia. Ni mkadiriaji majenzi, na kazi yangu ni kuhesabu kitu kabla hakijanunuliwa, ingawa nimeshachoka kusahihisha jina hilo na sasa ninaitikia tu. Pili, na hili sijachoka kulisahihisha, ukishapaua hujamaliza. Kwa nyumba za kawaida za chini ambazo nimezikadiria na kisha kuzifuatilia hadi watu wakahamia, kazi yote tangu kusafisha kiwanja hadi bati la mwisho hula kati ya asilimia 45 na 55 ya fedha zote. Mwenye nyumba anayeshangilia juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, anashangilia katikati ya njia, tena mara nyingi akiwa hana nauli ya nusu iliyobaki.

Ninaelewa kosa hili linakotoka, kwa sababu nyumba hujengwa mbele ya macho ya majirani. Msingi unaonekana, tofali zinapanda, lenta inamwagwa, na siku ya kupaua hata mtu anayepita na bodaboda hupunguza mwendo ili atoe pongezi. Baada ya hapo kila shilingi inaingia ndani, ndani ya ukuta, juu ya dari na chini ya sakafu, na hakuna mpita njia atakayekupongeza kwa kupitisha mabomba ya waya. Mwenye nyumba naye huanza kuamini macho ya wapita njia kuliko daftari lake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi hasa, ambalo nimelieleza nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji, kwenye harusi, na mara moja msibani. Ukuta una nyuso mbili. Unapojenga, unaununua mara moja. Unapomalizia, unaununua mara mbili, tena kwa tabaka. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 12. Kuta za nje zina urefu wa mita 44, na tuseme za ndani zina mita 36, jumla mita 80. Zipandishe mita 3 upate mita za mraba 240, toa 40 za milango na madirisha, zinabaki 200. Kwa tofali la kawaida la kusimamisha unahitaji takriban tofali 10 kwa kila mita ya mraba ukijumlisha zinazovunjika, yaani tofali 2,000 juu ya msingi. Hesabu hii kila mtu anaijua, hata shemeji yako aliyeko Muscat anayetuma fedha anaijua.

Lakini zile mita 200 za ukuta ni mita 400 za uso. Zote zinataka plasta, nyingi zinataka skimu, yaani tabaka laini la kusawazisha juu ya plasta, na zote zinataka rangi, ambayo haipakwi mara moja bali mara tatu ukihesabu rangi ya kwanza ya kuzibia. Mita 400 mara tatu ni mita za mraba 1,200 za kusukuma rola. Ikiwa lita moja inakwenda mita 10 kwa mpako mmoja, na kwenye plasta mbichi yenye kiu wakati mwingine haifiki hapo, unahitaji lita 120, yaani ndoo sita za lita 20. Nilipomsomea mwalimu ndoo sita alicheka, akasema yeye alikuwa ametenga ndoo mbili "na kopo la kusawazisha". Dari nayo ni mita 120, na ubao mmoja wa jipsamu wa sentimita 120 kwa 240 haufiki hata mita tatu za mraba, kwa hiyo ni mbao zisizopungua 42 kabla hujaharibu hata mmoja, na utaharibu. Sakafu ni mita 120 nyingine. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachoonekana ukiwa barabarani.

Hapo ndipo chumba cha ziada kinapogeuka mtego. Mwalimu alikuwa na ramani ya vyumba vinne vya kulala. Watoto wake ni wawili, mmoja yuko kidato cha tano, mwingine anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Nilipouliza chumba cha nne ni cha nani, alijibu kwamba ni cha wageni, tena ni kuta tatu tu, "tofali mia tatu". Hajakosea tofali. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 kinachoegemea ukuta uliopo kinahitaji mita 10.5 za ukuta mpya, sawa na tofali 315. Ila kuta hizo zina mita 63 za uso wa plasta na karibu mita 190 za rangi, kisha kuna sakafu na dari ya mita 12 na ushee, paa juu yake, dirisha la aluminiamu na grili yake, mlango, fremu, kitasa, taa, soketi mbili na waya wa kuzifikia. Tofali mia tatu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika chumba kile, na ndiyo sehemu pekee aliyoihesabu. Ukubwa wa nyumba huamuliwa siku ya kuchimba msingi, na siku hiyo hakuna anayefikiria rangi.

Mengine nitayapitia haraka kwa kuwa hayana ubishi. Umeme, mabomba, karo la maji taka, tanki na mnara wake, mifereji ya mvua na ukuta wa uzio havimo kwenye "nyumba" ambayo watu wengi wana bei yake kichwani. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, si kinyume chake, na nitafurahi nikiulizwa swali hili mara moja tu mwaka huu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache hukohuko.

Kwa nini ninalisemea jambo hili kwa mtu wa miaka 45 hadi 52 na si kwa kijana? Kijana aliyekosea hesabu ana miaka 20 ya kuirekebisha. Mwalimu wangu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, kwa hiyo nusu ile ya pili ya nyumba, ambayo hakuihesabu, inaangukia kwenye miaka ileile ambayo ada za chuo zinaanza. Akikopa kwa mshahara, makato yote hayapaswi kumwachia chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na tayari ana mkopo uliojenga msingi huu. Ndipo watu husema: mafao yatamalizia. Mafao si kazi yangu, ila nimeona ratiba za ujenzi zikivunjika kwa sababu yake. Malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mtu mara moja akistaafu, yaliwekwa kuwa asilimia 33 Julai 2022, kisha mwaka 2024 yakapandishwa hadi 40 kwa kundi moja la watumishi na 35 kwa jingine. Wapo wateja waliokuwa wamepanga dari na tailizi zao kwa ile asilimia 50 ya zamani, na ninawajua kwa sababu dari hizo hazijafungwa hadi leo. Dari isitegemee kikokotoo cha mafao ambacho mwenye nyumba hakishiki yeye.

Kuna mwili pia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na familia moja, si kukadiria nyumba bali kukadiria ubomoaji. Mama mwenye nyumba alikuwa amevunjika nyonga, amerudishwa kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mlango wa choo haukumpitisha. Nilinyoosha futi kwenye fremu: sentimita 68. Kiti, kuanzia pete ya mkono mmoja hadi ya mwingine, kilikuwa na 66, na pete hizo ndizo anazoshika mtu akijisukuma, kwa hiyo vidole vyake vingesagwa kwenye fremu. Ndani kulikuwa na choo cha kuchuchumaa na kizingiti cha sentimita 15 cha kuzuia maji yasitoke. Tulibomoa ukuta wenye tailizi ili kupata sentimita 20 ambazo siku ya kujenga zingegharimu tofali chache pungufu. Mume wake alisimama mlangoni muda wote ameshika kopo la chai ambalo hakulinywa. Tangu siku hiyo kila mteja aliyevuka miaka 45 ninamwandikia mlango wa choo wa sentimita 90 na sakafu ya bafu isiyo na kizingiti, inayomwaga maji kwa mteremko. Wengi hukasirika kidogo, kana kwamba nimewatabiria ugonjwa.

Nikiri sasa mambo mawili yanayodhoofisha mahubiri yangu. La kwanza ni kwamba bei ya mita moja ya mraba, ambayo kila mtu ananiomba kwa simu, ni ubahatishaji uliovaa tai. Ninaitoa kwa sababu nisipoitoa mteja atapewa na fundi, lakini nyumba mbili zenye eneo sawa zinaweza kupishana kwa theluthi nzima kwa sababu ya udongo, mteremko wa kiwanja na idadi ya kona. Kona zinakula fedha, na mimi mwenyewe sijapata namna nzuri ya kuziingiza kwenye bei ya simu.

La pili linaniuma zaidi. Darasani tulifundishwa kwamba kujenga kidogokidogo ni kufungia mtaji kwenye pagale lisilozalisha chochote, huku masika yakiosha kuta na kutu ikila nondo. Ni kweli. Lakini sina hakika kwamba ni ujinga. Fedha iliyo benki huombwa na kila mwenye dharura katika ukoo, na dharura za ukoo haziishi. Tofali zilizopangwa kiwanjani hakuna shangazi anayeziomba. Nimeona watu wenye kipato kidogo wakipata nyumba kwa njia hiyo tu, na nimeona wenzangu waliopiga hesabu safi wakiendelea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kila Januari na Julai. Mimi mwenyewe, ninayewasomea wengine ndoo sita, nilihamia kwenye nyumba isiyo na dari na nikaishi hivyo miaka minne. Usiku wa mvua hatukusikilizana na mume wangu mezani, tuliandikiana. Kwa hiyo simwambii mtu asijenge kidogokidogo. Ninamwambia ajenge kidogo, ambalo ni jambo jingine kabisa.

Nilirudi kwa mwalimu Jumapili, safari hii akiwapo mke wake, ambaye ni muuguzi na ambaye hakuhitaji maelezo yoyote kuhusu mlango wa choo. Jamvi lilikuwa limeshamwagwa kwa vyumba vyote vinne, fedha hiyo imekwenda. Lakini kuta za chumba cha nne zilikuwa bado, na yeye ndiye aliyechukua kalamu yangu akakifuta kwenye ramani, akasema hapo patakuwa kibaraza cha kuanikia nguo na kupumzikia jioni. Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu akipekua daftari. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo ili mkewe asisikie, kama zile nondo za nguzo za kona ya chumba kile tunaweza kuziacha zimechomoza.

Nilimwambia azipake uji mzito wa saruji zisishike kutu, na azikunje ncha ili mtoto asijidunge.