Utafiti wa likizo unaolipiwa kwa wanafunzi wa kompyuta: anza na masharti, barua baadaye

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye Mtwara au Lindi aanze na sharti la uraia kabla ya kuandika chochote. Programu za REU za Marekani (utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza), zinazogharamiwa na NSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, hulipa posho kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Ukiona tangazo lake kwenye grupu, lipite.

Mwenye pasipoti ya Tanzania anaweza kuomba Summer@EPFL ya chuo kikuu cha EPFL, Uswisi, CERN openlab ya maabara ya fizikia ya CERN, Geneva (wiki 9), VSRP ya chuo kikuu cha KAUST huko Saudi Arabia (miezi 3 hadi 6) na nafasi za utafiti za chuo kikuu cha OIST, Okinawa, Japani. CERN hutaka uwe umemaliza miaka 3 ya chuo kufikia majira hayo. Google Summer of Code nayo hulipa, tena unafanyia nyumbani Masasi au Nachingwea, ila ile ni kazi ya programu huria, si utafiti.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Ulaya huanza Juni, wakati vyuo vyetu vingi bado viko muhula wa pili, na mitihani ikiisha mafunzo kwa vitendo yanakusubiri. Ndiyo maana naona KAUST na OIST zinatufaa zaidi, kwani hazikubani Juni hadi Agosti. Vyovyote iwavyo, iombe idara yako ikujibu kwa maandishi kama utafiti huo utahesabiwa kuwa mafunzo kwa vitendo.

GPA zetu ni za kipimo cha 5, na wao wengi husoma kwa kipimo cha 4. Andika "4.1 kati ya 5". Usijigeuzie mwenyewe, maana transkripti ikija na namba tofauti utaonekana umedanganya.

Sasa barua ya maombi, na hapa ndipo pa kutulia. "Napenda akili mnemba tangu utotoni" haimwambii profesa lolote. Mwonyeshe kazi moja uliyoifikiria hadi mwisho. Chukua ubwiri unga wa mikorosho, ugonjwa unaoshambulia maua na majani machanga, na ambao TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, wana uzoefu nao wa miaka mingi. Unapiga picha za maua kwa simu, unafundisha modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, itofautishe ua lenye ugonjwa na lisilo nao. Ukichanganya picha zote kisha ukazigawa kwa bahati nasibu, maua ya mkorosho uleule yanaingia kwenye picha za kuifundishia modeli na kwenye picha za kuipimia. Modeli inakariri mti, mwanga na kivuli chake. Usahihi unapanda kwenye jedwali, halafu unaporomoka ukienda shamba jingine. Gawa picha kwa mti, na bora zaidi kwa shamba. Anayeeleza kosa hilo na namna ya kulizuia kwa aya moja ameshaonyesha anafikiri kama mtafiti, hata kama picha zake ni chache. Aya inayofuata itaje maabara moja kwa jina na swali lao moja unalotaka kulifanyia kazi.

Mhadhiri atakayekuandikia barua ya mapendekezo mpe wiki 3, na umpelekee transkripti pamoja na maelezo ya mradi uliofanya chini yake. Asipopata hayo ataandika "ana bidii na nidhamu", na barua hiyo haikusaidii. Mara nyingi atatumiwa kiungo aipakie mwenyewe. Mkumbushe aangalie hata kwenye barua taka.

Pasipoti ni shilingi 150,000, na ishughulikie kabla ya majibu kutoka. Viza huwa inakudai ufike Dar es Salaam mwenyewe, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na miadi ya safari za Juni huangukia masika. Mei 2024 mvua zilikata barabara eneo la Somanga, Kilwa, mabasi yakakwama. Miadi ikiwa Aprili au Mei, fika Dar siku kadhaa kabla, ukiwa na barua ya mwaliko na vyeti halisi mkononi, visiwe kwenye begi la buti.